Kichwa Kilichotupwa Nyuma ya Ua

Mfugaji wa kisa hiki simtaji jina, kwa sababu boma lake si moja. Toka Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini katika Ghuba ya Ungwana, pandisha na mto upite Ozi, uendelee hadi kwenye malisho ya Garsen, na utamkuta njia nzima: mzee mwenye ng'ombe wachache waliosalia, mbuzi kidogo, na kondoo ambao ndio tegemeo. Kisa nimekitunga kwa ajili ya kufunza. Ugonjwa uliomo ni wa kweli, na nimeuacha uende hatua kwa hatua kama unavyokwenda wenyewe.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikosesha mvua misimu mitano mfululizo, na ng'ombe wa mzee wakaisha mmoja mmoja. Kondoo walivumilia. Mvua ziliporudi alikuwa amebaki na kondoo wapatao sitini, wale wa kichwa cheusi na mkia mnene, na nyumba nzima iliwategemea hao. Karo ilitoka kwao, unga ulitoka kwao, na mahari ya mtoto wa pili ilikuwa ikingojwa kutoka kwao. Ndiyo maana naomba msomaji asimwone mzee huyu kuwa mzembe. Alikuwa akiwahesabu kondoo wake jioni na alfajiri, na kila alilolitenda lilitokana na kujali.

Wa kwanza kuugua alikuwa jike mchanga, hajatimiza mwaka. Aliyemwona ni mjukuu aliyekuwa akichunga.

"Babu, yule mwenye doa shingoni hataki kufuata wenzake."

"Amechoka. Jua la leo lilikuwa kali."

"Hata jana, Babu. Na kichwa anakilaza upande."

Mtoto mchungaji huona mambo siku nyingi kabla ya mwenye mali, na mara nyingi neno lake huishia hapo hapo. Wiki mbili baadaye hapakuwa na haja ya kuambiwa. Jike yule alisimama peke yake ukingoni mwa kundi, kichwa kimeinamia kushoto, na kila alipopiga hatua alizunguka kuelekea kushoto hadi akarudi alipoanzia. Jicho la kulia lilikuwa wazi lakini halikuona. Ukimpungia mkono upande huo hashtuki. Akifika kwenye ua wa miiba hukandamiza paji la uso pale pale na kusimama. Majani yapo mbele yake naye hayali.

Wazee walikaa wakasema waliyoyajua. Mmoja alisema ni upepo mbaya, mwingine akasema amekula mti wenye sumu karibu na mto, wa tatu akataja jicho la mtu bila kumtaja mtu. Mzee alipanda bodaboda hadi dukani akanunua sindano ya tetrasaiklini, akamchoma siku tatu. Hakupata nafuu. Akashauriwa ile sindano ya minyoo, aivamektini, inayosifiwa kwa kila kitu kuanzia upele hadi kupe. Nayo haikufaa, na haingefaa, kwani aivamektini haiui minyoo tegu popote ilipo, sembuse iliyojificha ndani ya fuvu la kichwa. Fedha za kondoo mzima zilikwisha kwa kumtibu kondoo aliyekuwa akifa.

Idd ya kuchinja ilikuwa karibu. Lakini mnyama mwenye ugonjwa ulio wazi, au chongo iliyo wazi, hafai kwa udh-hia, na mzee alijua hilo vizuri. Akaamua kumchinja nyumbani upesi, kabla hajawa mzoga. Ngozi ikaanikwa, nyama ikagawanywa. Kilipofika kichwa, ambacho siku nyingine kingetengenezwa supu na kugombewa, mama wa nyumba alikikataa. "Hiki ndicho kilichokuwa na maradhi," akasema. "Watoto wangu hawakili."

Alisema kweli. Maradhi yalikuwa kichwani. Mtoto mmoja akakishika kichwa kwa sikio akakirusha nyuma ya ua, kulikokuwa na mbwa.

Hao mbwa walikuwa watatu, na hawakuwa wa mtu. Usiku fisi akija walibweka, na boma zima lilishukuru. Mchana wakikaribia vyombo walifukuzwa kwa mawe. Hapana aliyewapa jina, hapana aliyewapa dawa, na chakula chao kilikuwa kile walichotupiwa: utumbo, mapafu yaliyokataliwa, vichwa. Boma la jirani, umbali wa mwito mmoja, liliwajua mbwa hao hao na kuwatendea vivyo hivyo. Walipasua fuvu lile laini, wakala ubongo, wakaendelea na maisha yao. Hawakuugua. Huo mnyoo haumsumbui mbwa. Anaweza kuubeba tumboni huku akinenepa.

Nieleze sasa kilichoingia tumboni mwa mbwa usiku ule, maana mzee hakukiona na bila kukiona kisa chote hakieleweki. Ndani ya ubongo wa jike yule mlikuwa na kifuko cha ngozi nyembamba kilichojaa maji safi. Kifuko hicho ni mtoto wa mnyoo tegu ambaye wataalamu humwita Taenia multiceps. Kwa ndani, ngozi ya kifuko imebandikwa vidoadoa vyeupe kwa mafungu mafungu, na kila kidoa ni kichwa cha mnyoo kinachosubiri. Kifuko kimoja hubeba mamia ya vichwa hivyo. Mbwa akikila kibichi, kila kichwa kinaweza kushika utumbo wake na kukua kuwa mnyoo kamili, mrefu hata kufikia mita moja. Baada ya wiki sita hivi, minyoo huanza kukata vipande vya mkia, vyeupe, mfano wa punje za wali, vinavyotoka na kinyesi. Kila kipande kimejaa mayai yasiyoonekana kwa macho.

Mbwa hutembea kundi linapotembea. Hujisaidia njiani, chini ya mti wa kivuli, ukingoni mwa maji. Jua kali la nyika huyaua mayai upesi yakikauka. Lakini huku chini deltani, penye majani mabichi na ardhi yenye unyevu, yamehifadhika na yanadumu. Hapo ndipo kila mfugaji hukimbilia kiangazi kikichacha, na kondoo hula karibu kabisa na udongo, tofauti na mbuzi anayependa majani ya juu. Akimeza yai, linaanguliwa tumboni, mtoto wake hutoboa utumbo, huingia katika damu na kusafiri. Wanaofika kwenye misuli na viungo vingine hufa. Wanaofika kwenye ubongo au uti wa mgongo huishi. Miezi sita hadi minane baadaye kifuko kimekuwa kikubwa kiasi cha kusukuma ubongo, na hapo ndipo kondoo anaanza kuzunguka, kwa kawaida kuelekea upande kilipo kifuko, huku jicho la upande wa pili likipofuka.

Miezi hiyo ndiyo iliyomnyima mzee funzo. Laiti kondoo angezunguka kesho yake baada ya mbwa kula kichwa, mtu yeyote angeunganisha mambo mawili. Lakini kati ya kichwa kilichotupwa na kondoo wa pili kuugua ulipita karibu msimu mzima na nusu, zikanyesha mvua, wakazaliwa wanakondoo, watu wakahama na kurudi. Hakuna kumbukumbu ya mtu inayoshika uzi mrefu namna hiyo bila kusaidiwa.

Kisha wakaanza. Wanne kwa mwezi mmoja, wote wachanga, wote wa mwaka au kasoro. Na kwa jirani watatu. Mzee akamkumbuka yule aliyetaja jicho la mtu, akaanza kuhesabu nani alipita bomani siku zile na nani alisifu kondoo wake. Jirani naye alikuwa na hesabu yake. Salamu za asubuhi zikapungua. Wake zao waliokuwa wakiteka maji pamoja wakaanza kwenda kwa zamu tofauti. Huku deltani kugombana kwa majirani si jambo dogo. Damu imewahi kumwagika kwa sababu ya malisho na maji, na kila mwenye akili huogopa cheche. Mnyoo usio na macho wala masikio ulikuwa umefika mahali pa kuwagombanisha watu wawili waliozikana.

Wawili kati ya wale wanne mzee aliwachinja, na vichwa vikaenda kule kule nyuma ya ua. Wawili wengine, ambao walikuwa ndio kwanza wanaanza kuinamisha kichwa, aliwapeleka mnadani. Mnunuzi alitazama meno na mkia akalipa. Hapa siwezi kumtetea mzee kikamilifu. Aliona dalili akanyamaza. Kondoo wale walikwenda na vifuko vyao hadi mji mwingine, wakachinjwa, na kama mbwa wa huko walikula vichwa vyao, ugonjwa ulipata makao mapya bila kutembea kwa miguu yake.

Aliyekata mzunguko huo alikuwa afisa wa mifugo wa kaunti, mwanamke aliyekuja kwa shughuli ya chanjo akaombwa apite amwone kondoo mmoja.

"Mzee wangu, huyu ana muda gani akizunguka?"

"Mwezi, daktari. Tumechoma sindano, hakuna."

"Wangapi wengine kabla yake?"

Mzee akahesabu kwa vidole. Afisa akamshika kondoo kichwa, akapapasa fuvu polepole kwa kidole gumba. Juu ya jicho, mfupa ulibonyea.

"Nani aliwatibu wale wa kwanza?"

"Mimi. Kisha niliwachinja. Haramu hatukula, daktari, walichinjwa kwa njia."

"Sijasema nyama, mzee wangu. Vichwa vilikwenda wapi?"

Mzee akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya ua. Mbwa mmoja alikuwa amelala pale kivulini.

Afisa hakusema neno. Aliomba jirani aitwe. Mzee alisita, afisa akasema bila jirani hatafanya kazi. Jirani akaja, akasimama mbali kidogo. Afisa alivaa glavu, akamkagua yule kondoo kwa makini, akauliza kama amewahi kuumwa na mbwa, kama anatokwa mate, kama ana homa. Aliporidhika, kondoo akachinjwa, na fuvu likafunguliwa taratibu mbele ya wote. Kifuko kilitoka kizima, kikubwa kuliko yai la kuku, maji yake meupe kabisa, na kwenye ngozi yake vile vidoadoa. Alikiweka katika sahani ya bati akampa kila mtu nafasi ya kuangalia.

"Huyu ndiye jicho la mtu," akasema.

Nimeukawiza uchunguzi huo kwa makusudi. Yako mambo mengine yanayomfanya kondoo azunguke, na baadhi yanaua watu. Kichaa cha mbwa humfanya mnyama awe na tabia ngeni, na mate na ubongo wake ni hatari. Mfugaji asipasue fuvu la kondoo mgonjwa kwa shoka lake mwenyewe eti kwa kuwa amesoma kisa hiki. Ugonjwa wa maji ya moyo, unaoletwa na kupe, humrusha mnyama miguu na kumzungusha, lakini huja na homa kali na huua kwa siku chache. Huo ndio unaosikia tetrasaiklini mapema. Mabuu ya nzi wa puani humfanya kondoo apige chafya, atokwe na makamasi na kutikisa kichwa. Kizunguzungu cha kifuko huenda polepole, hakina homa, huwashika hasa wachanga, na huzidi wiki baada ya wiki. Kutofautisha ni kazi ya mtaalamu, na gharama ya kumwita ni ndogo kuliko sindano za kubahatisha.

Ugonjwa huu si wa jana. Mwaka 1780 Mjerumani Nathanael Leske aliandika kwamba kile kifuko cha kichwani mwa kondoo wanaozunguka ni mnyoo tegu. Miaka zaidi ya sabini ikapita kabla ya daktari Friedrich Küchenmeister, huko Saxony, kuonyesha njia nzima kwa majaribio: aliwalisha mbwa vifuko, akapata minyoo, akawalisha kondoo vipande vya minyoo, wakazunguka. Kwa hiyo tangu miaka ya 1850 imejulikana kwamba hapana kizunguzungu bila mbwa aliyekula kichwa, au jamaa yake wa porini kama bweha. Ujuzi una umri wa zaidi ya karne moja na nusu, na bado haujafika nyuma ya ua. Jambo hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Kaskazini mwa Tanzania, Wamasai wanaujua ugonjwa huu kwa jina la ormilo, na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2019 walieleza kwamba ni tatizo kubwa kwa wafugaji wa huko kuliko ilivyodhaniwa. Walipofungua vichwa vya mbuzi na kondoo wenye dalili, wengi walikutwa na vifuko. Na mazoea ya kuwapa mbwa ubongo wa mnyama aliyeugua yalikuwepo huko kama yalivyo kwetu. Mmasai, Muorma na Msomali hawakufundishana kutupa vichwa. Kila mmoja alifikiri, kwa busara yake, kwamba kitu kisichofaa kwa mtu kinafaa kwa mbwa.

Turudi bomani. Kwa habari ya mbwa ndipo mazungumzo yalipokuwa magumu. Afisa alipotaja dawa ya mbwa, jirani alicheka.

"Mbwa ni najisi, daktari. Nani atamshika amnyweshe? Na si wangu."

"Si wako," afisa akakubali. "Wa nani?"

Wakatazamana.

"Anapobweka usiku, anamlindia nani?"

Mzee wa msikiti, aliyekuwa amevutiwa na kelele akasogea, ndiye aliyejibu. Alisema kwamba najisi huoshwa, na kwamba Mtume aliruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Aliyeruhusiwa kufugwa kwa kazi ana haki ya kutunzwa. Kumlisha kwa kumtupia na kumkana ukishashiba ulinzi wake, akasema, si uchaji. Nimeyaweka maneno hayo kinywani mwa mzee wa msikiti kwa sababu ndiye anayeweza kuyasema yakasikilizwa. Afisa wa mifugo akiyasema yanakuwa ya serikali.

Kwa maoni yangu, kiini cha balaa kimo hapa, na maboma mengi ya pwani yanacho. Mbwa mwenye mwenyewe hupewa dawa. Mbwa asiye na mwenyewe hupewa vichwa. Tumejitenga naye kwa mikono, tukaungana naye kwa matumbo ya mifugo yetu. Mtu anaweza kuosha chombo mara saba na bado kondoo wake akala katika majani kile mbwa alichokiacha.

Dawa yenyewe si ngumu. Inaitwa prazikwanteli; kidonge cha miligramu 50 kinamtosha mbwa wa kilo 10, na huweza kufichwa ndani ya kipande cha nyama iliyopikwa bila mtu kumgusa mnyama. Inarudiwa kila wiki sita hivi, kwa sababu huo ndio muda mnyoo mpya unaouhitaji kabla ya kuanza kutoa mayai. Siku mbili tatu baada ya dawa, mbwa afungwe mahali pamoja na kinyesi chake kifukiwe, maana dawa huua mnyoo lakini haiui mayai yaliyomo ndani yake. Kenya imejiwekea mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mbwa hukusanywa kwa chanjo hiyo. Siku hiyo hiyo ndiyo ya kuwapa na kidonge. Kuwaita mbwa mara mbili kwa kazi mbili ni kupoteza mafuta ya gari.

Lakini dawa bila kichwa kuzikwa ni kazi bure, kwani mbwa aliyesafishwa leo akila ubongo mbichi kesho ameanza upya. Kipini ina mchanga, na shimo la juujuu kwenye mchanga mbwa hulifukua usiku mmoja. Shimo liwe la kina, juu yake miiba na mawe. Au kichwa kichomwe hadi mfupa uwe mweupe. Makumbi ya nazi hayapungui huku. Au kichemshwe, maana kifuko kilichopikwa hakina uhai, na mbwa akipewa hapo hapati kitu isipokuwa chakula. Na hili nalisema kwa ajili ya mama wa nyumba aliyekikataa kile kichwa: nyama ya kondoo wa kizunguzungu haimpi mtu mnyoo huu. Mtu huupata, mara chache sana, kwa kumeza mayai kutoka kwa mbwa, kupitia mikono, maji au mboga. Uganda, mwaka 1968, waliripotiwa wagonjwa 14 wa vifuko vya minyoo ya jamii hii. Hivyo mtoto anayecheza mchangani alikolala mbwa ndiye wa kuoshwa mikono, na huyo ndiye mama hakumwogopea.

Wapo wanaosema mfugaji habadiliki. Wakumbuke Iceland. Mwaka 1863 Harald Krabbe, daktari kutoka Denmark, alikwenda kule kwa sababu watu walikuwa wakifa kwa vifuko vya ini, vinavyotokana na mnyoo mwingine wa mbwa, binamu wa huu wetu. Katika mbwa 100 aliowapasua, 28 walikuwa na mnyoo huo, na mnyoo wa kizunguzungu cha kondoo nao ulikuwemo. Mwaka uliofuata kikatolewa kijitabu kwa lugha yao kinachoeleza mambo mawili: usimpe mbwa vifuko, na mtibu mbwa. Kikagawiwa bure nyumba kwa nyumba, kikasomwa katika usiku mrefu wa baridi. Sheria zikafuata, lakini wasomaji walikuwa wametangulia. Ugonjwa ule ukaisha katika nchi iliyokuwa miongoni mwa zilizoteseka zaidi duniani. Turkana nako, kwa vifuko hivyo hivyo vya ini, Amref ilianza kazi ya kudhibiti mwaka 1983 kwa kutibu watu, kuwapa mbwa dawa na kufundisha. Hao nao ni wafugaji wanaohama, wenye shida kuliko zetu.

Boma la mzee halikupona kwa siku moja, na kulieleza vinginevyo kungekuwa kumdanganya msomaji. Mabuu waliokwisha kuingia kichwani mwa kondoo hawana dawa ya kutegemewa kwa mfugaji wa kawaida. Wako madaktari wanaoweza kutoboa fuvu na kukivuta kifuko, na kondoo akaishi, lakini ni upasuaji wa gharama unaofaa kwa dume la mbegu, si kwa kundi. Miezi mitatu baada ya mbwa kunyweshwa na vichwa kuanza kuzikwa, jike mwingine alianza kulaza kichwa. Mjukuu alikuja mbio.

"Babu, wametudanganya. Huyu naye!"

Safari hii babu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga simu.

"Alizaliwa lini?" afisa akauliza.

"Kabla ya masika."

"Basi alikula mayai kabla ya mbwa kupata dawa. Huyo ni deni la zamani, mzee wangu. Utaona wengine, wawili, watatu. Wahesabu waliozaliwa baada ya dawa. Hao wakimaliza mwaka na nusu bila kuzunguka, ndio jibu."

Jirani alichangia vidonge vya duru ya pili, na wakaafikiana kwamba anayechinja, awe nani, kichwa cha mgonjwa hakitoki bomani. Kondoo anayeinamisha kichwa hapelekwi mnadani. Lililobaki mezani, na ndilo linalowashughulisha hadi sasa, ni wageni. Kiangazi kijacho makundi yatashuka tena kutoka Ijara na Garissa kutafuta maji ya Tana, na kila kundi litakuja na mbwa wake. Mzee anataka wapokewe kwenye malka, yaani njia ya mifugo kushukia mtoni, kabla hawajaingia malishoni, wapewe maji kama ilivyo desturi, na waulizwe habari za mbwa. Jirani anaona ni aibu kumuuliza mgeni jambo hilo kabla hajanywa chai. Wamekubaliana kwamba atauliza mzee wa msikiti, na kwamba vidonge viwe tayari mfukoni mwake.